Ukitaka Kuandika Vita na Kura za Rufiji, Anza na Mwenye Daftari

Kila muhula wa tasnifu unapoanza, wapo wenzetu wanaoingia kwa msimamizi na mada nzito mkononi: vita, ugaidi, uchaguzi, demokrasia. Msimamizi husikiliza mpaka mwisho, halafu huuliza swali moja tu: "Sasa huko utaongea na nani?" Hapo mada huanza kupwaya. Kwenye vita utaongea na jenerali gani? Kwenye uchaguzi utaongea na waziri gani? Na hata ukimpata, atakwambia nini ambacho hakijatoka gazetini?

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili na mada yangu ni vita na siasa za uchaguzi katika Rufiji, yaani eneo lote la bonde na delta, pamoja na Kibiti ambayo siku hizi ni wilaya yake yenyewe. Nimekaa na mada hii mwaka mzima, nusu maktaba na nusu barabara ya Kilwa. Jibu nililolipata kwa swali la msimamizi ni fupi: ongea na mwenye daftari, na wale walioandikwa humo.

Mwenye daftari ni mtu wa mwisho kabisa katika ngazi ya utawala, yule anayewajua watu kwa majina na kwa nyumba zao. Zamani aliitwa jumbe. Baadaye akaitwa mjumbe wa nyumba kumi. Leo ni mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wake. Yeye ndiye anayeandika nani alime, nani apige kura, nani apewe shamba, nani apate mgao wa unga, na nani ni mgeni asiyejulikana. Rufiji, vita vikija vinampitia yeye, na kura nazo zinampitia yeye. Ndiyo maana ukisoma vita peke yake, au kura peke yake, unaondoka na nusu ya habari.

Rafu mbili za Mlimani

Kabla hujasema hakuna vitabu, ujue chuo hiki kina urithi wa aina mbili.

Rafu ya kwanza ni ya uchaguzi. Mwaka 1965, nchi ilipofanya uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja, walimu na watafiti wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliufuatilia majimboni, na mwaka 1967 kikatoka kitabu kilichohaririwa na Lionel Cliffe. Uchaguzi wa 1970 nao ukachunguzwa na kamati ya chuo. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, kazi hiyo ikaendelezwa na REDET katika Idara ya Sayansi ya Siasa.

Rafu ya pili ni ya vita. Mwaka 1968 Idara ya Historia iliwatuma wanafunzi kwenda vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka Vita vya Majimaji. Wanafunzi, jamani, kama mimi na wewe. Waliandika walichoambiwa, na karatasi zao zikakusanywa pamoja. G.C.K. Gwassa, aliyekuja kuandika tasnifu kubwa kuhusu vita hivyo, na John Iliffe ndio majina yanayotajwa zaidi katika kazi hiyo. Bila mradi ule, sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu Majimaji ingebaki kuwa maneno ya maofisa wa Kijerumani peke yao.

Lakini kuna somo la pili kwenye rafu hiyo hiyo. Mwaka 1968 nchi ilikuwa na miaka saba tu tangu uhuru, na swali lililowavutia watafiti lilikuwa ni jinsi makabila mengi yalivyoungana dhidi ya mkoloni. Walipouliza kuhusu umoja, walijibiwa kuhusu umoja. Wanahistoria waliofuata, akina Thaddeus Sunseri, James Giblin na Jamie Monson, walirudi na maswali mengine: njaa, wanawake, misitu, wanyama waharibifu, ugomvi wa ndani ya vijiji. Wakayakuta mambo ambayo swali la kwanza halikuyagusa. Kwa hiyo usidhani maswali yako hayana upande. Yaandike kwenye karatasi, halafu jiulize yanataka kusikia nini.

1905: hasira ilikwenda kwa nani?

Mtihani ukiuliza sababu za Majimaji, wote tunakariri: kodi, kazi za lazima, ukatili. Desa linatosha kwa mtihani, kwa utafiti halitoshi. Uliza badala yake: siku ya kwanza, watu walikwenda nyumbani kwa nani?

Wajerumani hawakuwa wengi. Nchi waliitawala kupitia maliwali, maakida na majumbe. Mpango wa mashamba ya pamoja ya pamba ulioanza mwaka 1902 uliwekwa juu ya mabega ya watu hao. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba, na watu wa eneo lake wakapangiwa siku za kulima. Malipo yalikuwa kiduchu. Gavana alikuwa mbali. Aliyejua nani amekuja shambani na nani hakuja alikuwa ni jirani yako.

Mwishoni mwa Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, kusini mwa bonde la Rufiji, pamba iling'olewa Nandete. Kisha watu wakaelekea Kibata, kwa akida. Hawakuanza na ngome ya pwani wala na meli. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe ambaye watu walikuwa wakimwendea kuchukua maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo. Vita vikaenea kusini kote na kuendelea mpaka 1907, na Wajerumani wakavimaliza kwa kuchoma vyakula. Hesabu rasmi ya Wajerumani ilitaja vifo 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hiyo nayo ni mada. Aliyekufa kwa njaa mwaka mmoja baada ya risasi kunyamaza, ameuawa na vita au na njaa? Jibu linategemea nani alishika daftari la kuhesabu.

Miaka tisa baadaye vita vya wakubwa vikaingia delta yenyewe. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha kwenye mito ya mikoko karibu na Salale mpaka ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake ikaopolewa na kutumika katika vita vya nchi kavu. Wageni wengi wanaouliza kuhusu historia ya delta huulizia meli hiyo. Mimi ningependa mmoja wetu aulize kitu kingine: mizinga ile ilikokotwa na nani? Vita vile vililiwa na makumi ya maelfu ya wapagazi katika Afrika Mashariki. Wapagazi hawakuokotwa njiani. Waliletwa kijiji kwa kijiji, na kila kijiji kilikuwa na mtu wa kusema nani aende.

Vita vinapogeuka kura

Desemba 1956 Nyerere alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kuwakumbusha wajumbe kwamba watu wake walishapigana na mkoloni nusu karne nyuma, wakashindwa kwa silaha, na sasa wanadai uhuru kwa njia nyingine. Hapo kumbukumbu ya Majimaji ikawa mtaji wa siasa. Miaka miwili baadaye kura zikaja, lakini daftari la wapiga kura lilikuwa jembamba: ilibidi uwe na elimu, kipato au cheo. Na kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mjukuu wa mtu aliyekufa kwa maji ya Kinjikitile, asiye na darasa wala mshahara, hakuwemo.

Uhuru ukalifungua daftari. Mwaka 1965 TANU ilisimamisha wagombea wawili kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Rufiji, Bibi Titi Mohamed aliyekuwa amejaza viwanja kwa ajili ya TANU tangu 1955, kiongozi wa akina mama na mmoja wa wakubwa serikalini, akashindwa. Tafakari hapo. Chama ni kimoja, jina ni kubwa nchi nzima, na wananchi wa Rufiji wanamwambia asante, pumzika. Mwanafunzi wa siasa asipite hapo haraka. Uchaguzi wa chama kimoja ule ulikuwa na mlango mdogo, na watu waliupita.

Miaka hiyo hiyo nyumba kumi kumi zikapata mjumbe. Alikuwa mtu wa chama na wakati huo huo jicho la serikali: anasuluhisha ugomvi wa kuku, anaandika barua ya kumtambulisha kijana, anajua nani amelala na mgeni. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, Operesheni Rufiji ikawahamisha watu kutoka mabondeni kwenda nchi ya juu, na majina yakaandikwa tena. Kwa sheria za sasa, Sheria Na. 7 ya 1982 ya mamlaka za wilaya na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Nguvu hiyo si ndogo. Delta ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko iliyo hifadhi ya serikali, na ndani yake wapo wanaolima mpunga na kuambiwa ni wavamizi. Kutoka bara wakaja wafugaji, wengi wao baada ya kuondolewa bonde la Ihefu katikati ya miaka ya 2000. Mei 2012 Ikwiriri iliwaka kwa ugomvi wa wakulima na wafugaji. Katika kila jambo hilo swali ni lile lile: nani ni mwenyeji, nani ni mgeni, na nani amesaini?

Kibiti, 2016 na 2017

Sasa tufike penye uzito. Wengi wetu tulikuwa sekondari mauaji ya Kibiti yalipokuwa yakitajwa kila wiki. Kati ya 2016 na 2017, katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, watu wenye silaha walikuwa wanakwenda usiku kwa pikipiki na kuua. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa pamoja wakitoka lindoni. Mpaka katikati ya mwaka huo vyombo vya habari vilikuwa vimehesabu zaidi ya watu 30. Serikali ikaunda mkoa maalumu wa kipolisi wa Rufiji, pikipiki zikapigwa marufuku kutembea usiku, na Mei 28 Rais Magufuli akambadilisha Mkuu wa Jeshi la Polisi. Operesheni ikafuata. Mauaji yakapungua, na zikabaki familia zinazosema ndugu zao walichukuliwa na hawakurudi.

Yamesemwa mengi kuhusu sababu. Wapo waliosema ni ujambazi. Wapo waliosema ni itikadi kali za kidini. Wapo waliotaja mkaa, vizuizi vya maliasili na ushuru. Wapo waliotaja ardhi. Wapo waliotaja vyama. Na tangu Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa kule Msumbiji, watafiti wengi wa nje wamechora mshale kutoka Kibiti mpaka Cabo Delgado.

Sina nia ya kuchagua moja hapa. Nataka uangalie orodha ya waliouawa kwa jicho la mtafiti. Ukiwatoa askari, wanaojirudia ni wenyeviti wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji, watendaji, viongozi wa chama wa ngazi ya chini, mgambo, na watumishi wa maliasili. Hakuna mbunge humo. Hakuna waziri. Ni watu waliochaguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Desemba 14, 2014, au walioajiriwa kukaa nao meza moja. Mwenye silaha aliyetaka kijiji kisione wala kisiseme alimfuata yule ambaye kazi yake ni kuona na kusema. Mshale wa Cabo Delgado unaweza kueleza silaha na fikra zilisafiri vipi. Hauelezi kwa nini mlango uliogongwa ulikuwa wa mwenyekiti wa kitongoji asiyekuwa na mlinzi, asiyekuwa na gari, na ambaye malipo yake ni posho ya kubahatisha.

Hapa nina tahadhari. Kufanana kwa 1905 na 2017 kusikufanye useme ni vita vile vile. Akida aliwekwa na mkoloni, mwenyekiti alipigiwa kura na majirani zake. Majimaji ilikuwa na umma nyuma yake. Kibiti umma ulikuwa umejifungia ndani kwa hofu. Kinachofanana ni nafasi ya yule mtu: serikali inamtumia kuuona umma, umma unamtumia kuiona serikali, na hali ikichafuka anabaki peke yake katikati. Daftari linatueleza kwa nini alilengwa yeye. Halitutajii nani alifyatua risasi, na mwanafunzi asijifanye mpelelezi.

Kiti kilichobaki wazi

Vita na kura vinakutana hasa baada ya mazishi. Kiti cha mwenyekiti aliyeuawa kinajazwa vipi? Nani anachukua fomu?

Mwezi Juni 2024 nilizunguka vijiji vitatu. Sivitaji, na nitaeleza kwa nini. Mzee mmoja aliyewahi kukaa kwenye halmashauri ya kijiji aliniambia kwamba mwaka 2017 hakuna aliyetaka mhuri ulale nyumbani kwake. "Mhuri ule, mjukuu wangu, ulikuwa mzito kuliko jiwe la kusagia." Ulizungushwa kama mgonjwa asiye na ndugu. Shughuli za kijiji zikalala: hakuna mkutano mkuu, hakuna barua ya utambulisho, hakuna hati ya kuuziana shamba.

Kisha ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 24, 2019. Nchi nzima wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwenye hatua ya fomu, CHADEMA na vyama vingine vikatangaza kujitoa, na CCM ikashinda zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Takwimu hiyo tunaijua wote. Lakini kwa mtafiti aliyeko Kibiti, maneno "kupita bila kupingwa" yanaficha mambo mawili tofauti kabisa. Kuna kijiji ambacho mgombea wa pili alikuwepo na fomu yake ikakataliwa. Na kuna kijiji ambacho mgombea wa pili hakuwepo kwa sababu hakuna mama aliyekubali mwanawe achukue fomu. Na huenda kuna kijiji cha tatu ambacho hata huyo wa kwanza aliombwa na kubembelezwa. Kwenye jedwali la matokeo, vyote vitatu vinasomeka sawa. La kwanza ni suala la haki ya uchaguzi. La pili ni alama ya vita. Usipokwenda kuuliza kijiji kwa kijiji, utaandika tasnifu nzuri yenye takwimu sahihi na maana potofu.

Ndiyo sababu nasema rafu zile mbili zisomwe pamoja. Mtaalamu wa uchaguzi akifika baada ya kampeni anakuta matokeo. Mtaalamu wa vita akifika baada ya risasi anakuta makaburi. Fomu ambayo haikuchukuliwa haipo kwa yeyote kati yao.

Namna ya kufanya kazi hii

Sasa tuje kwenye vitendo, maana nimeulizwa sana na wadogo zangu wa mwaka wa tatu.

Kwanza, ujue barua yako inapita wapi. Chuo kitakupa barua, utaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, itashuka wilayani, kisha kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji. Yaani ruhusa ya kumtafiti mwenye daftari unapewa na mwenye daftari mwenyewe, na jina lako linaandikwa humo kabla hujauliza swali la kwanza. Usilalamike. Hiyo nayo ni data: andika ulipokelewa vipi, nani alikusindikiza, na nani alinyamaza mlipofika pamoja.

Pili, usianze na mauaji. Mimi nilikwenda miezi miwili baada ya mafuriko ya Aprili yaliyofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti. Nilianza na mafuriko: maji yalifika wapi, nani aliandikwa kupata msaada, nani aliachwa. Bibi mmoja, nilipomwamkia na kueleza ninachosoma, akanijibu vizuri sana: "Marahaba. Wewe andika mafuriko. Hayo mengine ukiyataka, kaa kwanza ule." Nilikaa. Habari za orodha ya unga zikafungua habari za orodha nyingine bila mimi kusukuma. Anayekueleza jinsi alivyoachwa kwenye mgao anakueleza tayari nani ana nguvu kijijini.

Tatu, heshimu ukimya. Mtu akisema "hayo yalishapita," usimbane. Andika kwamba alisema hivyo, mlikuwa mnaongelea nini wakati huo, na nani alikuwa karibu. Wazee wa Majimaji waliwapa wanafunzi wa 1968 habari za miaka sitini nyuma. Mwaka 2024 Kibiti ilikuwa haijafika hata miaka kumi. Wengine watasema wakiwa tayari, na pengine hawatasema kwako.

Nne, linda majina. Usiandike jina la mtu, la kitongoji wala cheo kinachomtambulisha kwenye daftari moja na maneno yake. Tumia namba, na ufunguo wa namba uache mbali na simu yako. Picha za nyumba na makaburi ziache. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Isome kabla hujarekodi sauti ya mtu. Ndiyo sababu vijiji vyangu vitatu havina majina hapa: kwenye kitongoji cha kaya hamsini, "mzee aliyewahi kuwa mjumbe" ni mtu mmoja tu na kila mtu anamjua.

Tano, ijue sheria ya takwimu. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa na kufanya iwe kosa kusambaza takwimu zinazopingana na zile rasmi. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na kipengele hicho cha jinai kikaondolewa. Bado wapo wenzetu wanaoogopa kipengele kilichokwisha kufutwa, na wapo wanaotamba na namba walizookota mtandaoni. Ukitaja idadi ya vifo, sema imehesabiwa na nani na mpaka mwezi gani. Basi.

Sita, jua kwamba kazi hii ina gharama. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi, akiishi na kufanya kazi Kibiti. Aliandika habari za mauaji yale. Tarehe 21 Novemba 2017 alichukuliwa na watu wasiojulikana na hajaonekana tena. Julai 2019 Profesa Palamagamba Kabudi, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alizungumza na BBC kwa namna iliyosikika kama Azory amekufa, kisha akasema maneno yake yalieleweka visivyo. Familia yake ilibaki na swali lile lile. Simtaji ili kuwatisha. Namtaja kwa sababu sehemu ya tunachokijua tunakijua kupitia waandishi wa aina yake, na yeyote atakayesoma magazeti ya 2017 kwa ajili ya tasnifu anakula jasho lao. Basi tuwataje. Na tusimtume mhojiwa wetu mahali ambapo sisi wenyewe hatuwezi kumlinda, kwa sababu sisi tutapanda basi la Mbagala kurudi hosteli, yeye atabaki.

Novemba 2024

Tarehe 27 Novemba 2024 kulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa. Kujiandikisha kulikuwa Oktoba 11 mpaka 20, kwenye daftari la mtaa au kijiji, ambalo si lile Daftari la Kudumu la Tume. Wengi tuliupita uchaguzi huu tukiuona mdogo, tukisubiri ule wa 2025 wenye mabango na helikopta. Kwa mtafiti wa vita na siasa, mkubwa ni huu. Hapa ndipo anapopatikana mtu atakayeandika majina kwa miaka mitano, iwe ya amani au vinginevyo.

Popote kwenu, si lazima Rufiji, fanya mambo manne na uyaandike kwa tarehe. Ulizia fomu ngapi zimechukuliwa kwa kila kiti na ngapi zimerudishwa. Ulizia waliokataliwa waliambiwa sababu gani, kwa maneno yale yale waliyoambiwa. Ulizia nani alitarajiwa kugombea na hakugombea, na familia yake inasemaje. Na mwangalie mwenyekiti anayemaliza muda: amekuwa na mhuri huo tangu lini, na kabla yake alikuwa nani, akaondokaje. Karatasi mbili tu zinatosha. Wanafunzi wa 1968 walianza na kitu kama hicho, kalamu na mzee mmoja aliyekubali kuongea, na leo tunawasoma.